PPF ya Gari: Lipia Kwanza Mkono wa Fundi

Uliza bei ya kuvisha gari PPF, yaani filamu ya kukinga rangi, katika gereji tatu za Dar es Salaam, utarudi na bei tatu zisizofanana hata kidogo. Fundi wa kwanza anataka kiasi fulani, wa pili anataka mara mbili yake, wa tatu anasema lete gari tutaelewana. Wote watakuapia kwamba filamu yao ni halisi, inajiponya mikwaruzo na ina waranti ya miaka kumi. Mwenye gari anabaki hana cha kulinganisha ila bei, na bei peke yake haikuambii kitu kuhusu kazi utakayopewa.

Hoja yangu ni moja: kama fedha yako ina kikomo, inunulie kazi safi kwenye sehemu ndogo ya gari, usiitumie kufunika gari zima kwa kazi ya ovyo. Filamu nzuri iliyobandikwa vibaya huanza kubanduka kabla ya wakati wake. Zaidi ya hapo, kisu cha fundi asiyejali kinaweza kuiachia rangi majeraha ambayo hayakuwepo siku ulipolipeleka gari. Kwa kazi ya namna hiyo umelipia ulinzi ukapewa uharibifu, na mara nyingi hutaujua mpaka siku ya kuivua filamu.

Unachonunua

PPF ni plastiki angavu ya poliyurethani, ile mafundi wanayoiita TPU. Ilianzia jeshini Marekani, enzi za vita vya Vietnam, kilipotafutwa kitu chepesi cha kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na vifusi. Kutoka hapo ikaenda kwenye magari ya mashindano, kisha ikafika kwa watu wa kawaida. Ina tabaka kadhaa: gundi chini, poliyurethani katikati, na juu kabisa mpako mwembamba unaokataa uchafu. Mpako huo ndio unaofuta mikwaruzo midogo ukipata joto la jua au maji ya moto.

Filamu nyingi nzuri zina unene wa mikroni 150 hadi 200, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kwenye bati hadi juu, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, na vanishi inayong'aa ni kama mikroni 40 au 50 tu ya hizo. Filamu basi ni nene kuliko rangi inayoikinga. Kokoto iliyorushwa na tairi la lori kwenye barabara ya Morogoro huipiga plastiki inayonepa, nguvu yake ikapungua kabla ya kufika kwenye rangi. Lakini filamu haizuii bati kubonyea, na haimzuii mtu mwenye msumari na nia mbaya. Anayekuahidi hayo anakuuzia maneno.

Chaguo nyingine na mipaka yake

Kuna njia nne nyingine za kutunza rangi, na kila moja ina mahali pake.

Nta na polishi ni bei ndogo. Gari linang'aa, maji yanateleza, na baada ya wiki au miezi michache unarudia. Kwa gari la kazi ambalo bampa lake limeshapigwa rangi mara mbili, hiyo inatosha kabisa.

Seramiki ni kimiminika kinachopakwa kikakauka kuwa ngozi ngumu yenye unene wa mikroni moja au chache tu. Inarahisisha kuosha, inatunza mng'ao, na inakupa muda wa kufuta kinyesi cha kunguru kabla hakijaichoma vanishi. Anayeegesha chini ya mti Upanga au Oysterbay anajua thamani ya muda huo. Ila kokoto haiizuii. Seramiki na PPF hazifanyi kazi moja, na ukizitaka zote mbili, filamu hubandikwa kwanza, seramiki ikafuata juu yake.

Rapu ya vinaili ni ya kubadilisha mwonekano. Unene wake ni kama mikroni 100, inakinga mikwaruzo ya juujuu, na jua letu huichosha ndani ya miaka michache, hasa kwenye boneti na paa. Kumbuka pia kwamba rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Ukiibadilisha, iwe kwa rapu au kwa PPF ya rangi, kadi nayo inatakiwa ibadilishwe.

Njia ya nne ni kuacha rangi iliwe, kisha kuipiga upya. Kwenye bampa la plastiki si vibaya. Kwenye boneti yenye rangi ya kiwandani ni hasara, kwa sababu mnunuzi mjuzi akiona boneti imepigwa rangi hushuku ajali, na bei ya kuuzia inashuka hata kama hapakuwa na ajali yoyote.

Ndani ya PPF yenyewe kuna mtego. Sokoni kuna filamu iitwayo TPH, ambayo kimsingi ni PVC iliyolainishwa. Nayo huuzwa kwa jina la PPF, na siku ya kwanza inang'aa sawa na TPU. Tofauti huonekana baadaye: hukakamaa, hugeuka njano, na siku ya kuivua hukatikakatika na kuacha gundi kwenye rangi. Usibishane na muuzaji kwa maneno. Omba kipande kilichobaki cha filamu ileile atakayokubandikia. Kivute kwa mikono miwili: TPU hunyumbuka sana na kurudi polepole, PVC huwa ngumu na ikivutika hubaki imenyong'onyea. Kisha kisugue kidogo kwa brashi ya nyuzi za shaba, umwagie maji ya moto. Filamu yenye mpako wa kujiponya itafuta alama hizo mbele ya macho yako. Jaribio hili ni la dakika mbili, na fundi anayelikataa ameshakujibu.

Rangi iliyo chini

Sehemu hii wauzaji wengi huiruka, na kwetu ndiyo yenye uzito. Magari yetu mengi yanakuja yametumika, hasa kutoka Japani. Kenya haipokei yaliyozidi miaka minane, Tanzania inayapokea ila inayatoza ushuru wa ziada yanapokuwa ya zamani. Harrier au Forester iliyoshuka bandarini inaweza kuwa na mlango au fenda iliyopigwa rangi upya, huko ilikotoka au hapa mjini kabla ya kuuzwa.

Gundi ya PPF imetengenezwa kwa kufikiria rangi ya kiwandani, iliyokaushwa kwenye joto kali na kushika bati barabara. Rangi ya gereji, hasa iliyopigwa bila kusugua vizuri chini, inaweza kung'oka pamoja na filamu siku ya kuivua. Hata wakati wa kubandika, fundi akinyanyua filamu kuirekebisha, kipande cha vanishi kinaweza kufuatana nayo.

Fundi makini kwa hiyo huanza na kipimo cha unene wa rangi, kile kidude cha kushika mkononi kinachogusishwa kwenye bati. Mlango mmoja ukisoma 120, wa pili 130 na wa tatu 290, huo wa tatu umepigwa rangi. Ukisoma zaidi ya elfu, chini yake kuna puti. Si lazima uache kuvisha sehemu hiyo, lakini mkubaliane kwa maandishi nani anabeba lawama rangi ikitoka. Kama umepiga rangi karibuni, subiri angalau siku 30, na zaidi ni bora, ili viyeyusho viishe kutoka kwenye rangi. Filamu ikivifungia ndani, malengelenge hayakwepeki.

Jambo jingine: filamu haifichi kitu. Mikwaruzo ya duara iliyoachwa na matambara ya waosha magari, madoa ya maji ya chumvi, vidonda vya kokoto, vyote vitaonekana chini yake, na vitabaki huko kwa miaka. Bei nzuri ni ile inayojumuisha kuosha, kuondoa chembe za chuma na utomvu kwa dawa na udongo maalumu, kisha polishi. Bei ya chini mara nyingi imekata hapo hapo.

Mtazame akifanya kazi

Nenda gerejini siku gari la mtu mwingine linabandikwa. Chumba kiwe na kuta, mlango uliofungwa na taa nyingi. Sakafu iliyolowanishwa ni dalili ya mtu anayejua vumbi linatoka wapi. Ukikuta kazi inafanyika chini ya turubai, feni inapuliza na jirani anapiga msasa, shukuru kwa muda wao uondoke.

Kisha tazama kisu. Kuna namna mbili za kukata. Ya kwanza, kompyuta ina ramani ya gari lako na mashine inaikata filamu kabla haijagusa gari. Kisu hakifiki kwenye rangi kamwe, ila mara nyingi kunabaki ukingo wa milimita moja au mbili usiofunikwa, na vumbi hupenda kukaa hapo. Ya pili, fundi anatandaza kipande kikubwa, anakipachika, kisha anakikata kwa mkono juu ya gari na kukunja kingo ndani. Ikifanywa vizuri inapendeza zaidi, kwa sababu mwisho wa filamu hauonekani. Ikifanywa vibaya, kila mkato ni mstari kwenye vanishi, na huku pwani mstari uliofika kwenye bati ni mwanzo wa kutu.

Nimewahi kusimama pembeni ya fundi mmoja akimalizia fenda ya mbele, pale inapokutana na taa. Alikuwa ameacha filamu ya ziada kama upana wa vidole viwili. Hakukata juu ya fenda. Aliipasha joto kidogo kwa kipulizio cha hewa ya moto, akaivuta kuelekea kwenye upenyo ulio kati ya fenda na taa, akaingiza ncha ya kisu ndani ya upenyo wenyewe, makali yake yakielekea nje mbali na bati, na kukata hewani. Kisha akaukunja ukingo kwa kidole, akaukamua kwa kibao chembamba chenye kitambaa, akausubiri ukauke, akaukamua tena. Kona hiyo moja ilimchukua muda ambao wengine wangemaliza nao fenda nzima. Ndiyo unayoilipia.

Kama ramani ya gari lako haipo kwenye kompyuta, jambo linalotokea kwa matoleo yaliyouzwa Japani tu, huna budi kutegemea mkono. Hapo uliza kama anatumia utepe wenye uzi ndani, ambao huvutwa ukakata filamu bila kisu. Fundi asiyeujua si lazima awe mbaya, lakini anayeujua ameonyesha kwamba anaiogopa rangi yako.

Kukagua kazi siku ya kuchukua gari

Usichukue gari jioni. Nenda asubuhi, litoe nje juani, kisha lirudishe kivulini ulimulike kwa tochi ya simu, mwanga ukipita kwa ubavu. Jua linaonyesha kasoro za uso, mwanga wa ubavu unaonyesha vitu vilivyonaswa chini.

Anza na vipovu, kwa sababu ndivyo vinavyowatisha watu na mara nyingi bila sababu. Filamu hubandikwa kwa maji yenye tone la shampuu, na mengine hubaki. Kipovu cha maji ni laini, ukikibonyeza kinahama, na hukauka chenyewe ndani ya siku au wiki chache. Ukungu mwepesi nao huondoka hivyo hivyo. Kipovu cha hewa hakihami na hakiondoki. Kipovu chenye kitu kigumu katikati kina punje ya mchanga au uzi, na hicho kitakaa hapo maisha yote ya filamu.

Je, punje ngapi zinavumilika? Hakuna gari linalovishwa bila chembe hata moja. Simama umbali wa mita moja hivi, macho ya kawaida, mwanga wa kawaida. Ikiwa hapo unaona chembe mbili tatu ndogo kwenye boneti nzima, hiyo ni kazi nzuri. Ikiwa zinakuita kutoka mbali, au zimejazana sehemu moja, gari halikusafishwa.

Angalia mistari. Mstari mweupe wenye mikunjo kama mawimbi, hasa kwenye kona za bampa, ni alama ya filamu iliyovutwa kupita kiasi. Hauondoki. Mstari wa kung'aa kama fedha ni gundi iliyoachana na plastiki yake baada ya filamu kubandikwa, kunyanyuliwa na kubandikwa tena. Nao hauondoki. Mistari hii miwili ni sababu halali ya kudai sehemu hiyo irudiwe.

Kisha pita kingo zote kwa ncha ya kidole: kando ya boneti, kuzunguka taa, chini ya vitasa, midomo ya milango, pembe za bampa. Pitisha kidole taratibu, usikwangue kwa kucha. Ukingo mzuri umelala. Ukingo ulioanza kunyanyuka utaingiza vumbi ndani ya wiki, na vumbi likishaingia gundi imekufa. Linganisha upande wa kushoto na wa kulia, kwa sababu fundi mwenye nidhamu huishia mahali palepale pande zote mbili. Angalia pia vitambuzi vya kuegeshea kwenye bampa: matundu yake yawe yamekatwa duara safi, si meno meno.

Mwisho, tafuta alama za kisu. Funua boneti, fungua milango, mulika pale ambapo filamu inaishia. Mstari mwembamba ulionyooka, sambamba na ukingo wa filamu, ulio kwenye rangi na si kwenye plastiki, ndio huo. Upige picha papo hapo. Kasoro hii si ya kusamehe, hata kwa punguzo la bei.

Kulinganisha bei kwa haki

Nchini Marekani, kufunika mbele yote kwa filamu nzuri, yaani bampa, boneti, fenda na vioo vya pembeni, kwa kawaida huwa kati ya dola 1,500 na 2,500. Gari zima huanzia kama dola 5,000. Kwetu mkono wa fundi ni nafuu kuliko huko, lakini filamu inanunuliwa kwa dola ileile, tena inalipiwa usafiri na ushuru. Hivyo sehemu kubwa ya bei ya hapa ni filamu. Bunda la kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15, na gari dogo likivishwa lote hula karibu bunda zima. Uliza bei ya bunda la filamu uliyotajiwa. Ikiwa bei ya kuvisha gari zima inakaribia ya bunda tupu, au iko chini yake, basi filamu siyo hiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gereji ya kwanza inataka shilingi milioni 2.5 kufunika gari zima kwa filamu isiyo na jina. Ya pili inataka milioni 2.5 hizohizo kufunika mbele tu kwa TPU inayothibitika. Tuseme ya kwanza inageuka njano baada ya miaka miwili, na kuivua na kusafisha gundi kunagharimu 500,000. Jumla milioni 3, yaani milioni 1.5 kwa mwaka. Ya pili ikae miaka saba, kuivua 300,000. Jumla milioni 2.8, yaani 400,000 kwa mwaka. Badilisha tarakimu kwa bei ulizopewa, lakini njia ya kuhesabu ibaki hiyo: bei ya kubandika, ongeza bei ya kuvua, gawa kwa miaka.

Mbele ndiko kokoto zinakopiga. Ongeza midomo ya milango, sehemu iliyo ndani ya vitasa na kizingiti cha buti kinachokwaruzwa na mizigo, umekinga maeneo yanayoumia zaidi. Gari zima lina maana kwa rangi nyeusi au ya thamani ambayo bado ni ya kiwandani, na kwa mwenye nia ya kukaa nalo miaka mingi. Kama unauza mwakani, au gari limeshapigwa rangi sehemu nyingi, fedha hiyo ina kazi bora kwenye matairi na breki.

Waranti na malipo

Waranti za watengenezaji wakubwa, kama XPEL na 3M, hugusa kasoro za filamu: kugeuka njano, kupasuka, gundi kuachia. Hazigusi kazi ya mkono. Kwa hiyo unahitaji ahadi mbili. Ya filamu, ithibitishe kwa namba ya bunda: piga picha boksi na namba yake gari likiwa ndani, kisha ihakiki kwa mtengenezaji mwenyewe. Ya kazi, idai kwa maandishi kutoka gerejini: kingo zikinyanyuka ndani ya miezi sita au mwaka, watarudia bila malipo. Risiti ya EFD iandike jina la filamu, sehemu zilizofunikwa na tarehe, kwa sababu neno PPF tupu halitakusaidia siku ya madai.

Malipo yagawe. Toa sehemu ya kununulia filamu, sehemu siku ya kuchukua gari, na bakiza kiasi cha ukaguzi wa pili baada ya wiki mbili. Kipindi hicho maji mengi yameshakauka, kingo dhaifu zimeshajionyesha, na wewe hujaosha gari kwa mashine ya presha kwa siku saba za mwanzo kama inavyotakiwa. Fundi mzuri hukubali utaratibu huu bila kununa, maana anajua gari litarudi likiwa safi. Anayetaka fedha yote kabla ya kazi, hana kipimo cha rangi na hataki umtazame akikata, mwachie mwingine, hata kama bei yake ndiyo ndogo kuliko zote ulizopewa.